Usingizi Ulionikuta Homa Bay

Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Nikikaa na beseni langu la omena sokoni, mmoja anauliza mwanzo, mwingine anauliza mwisho, na Mama Robi wa chumvi ameanza kuisimulia mwenyewe kana kwamba alikuwepo. Basi nimeiandika yote, nanyi mtasomeana. Nimetumia Kiswahili kwa sababu hapa Kehancha sisi ni Wakuria na Wajaluo na yule fundi viatu wa kutoka Mwanza, na Kiswahili ndicho tunachogombania bei nacho.

Wengi mnajua kilichonitoa nyumbani, lakini nitasema kwa wasiojua. Binti yangu Atieno ameolewa na seremala wa Homa Bay. Jina lake sitalitaja, maana kwetu mama mkwe hachezei jina la mkwe wake. Siku alipoleta ng'ombe wa mahari, mmoja wao alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Na mimi mnanijua, mdomo wangu haukai. Nikauliza mbele ya wajomba zake wote kama huyu naye amekuja kulipa mahari au amekuja kutibiwa. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sikujua kwamba wale ng'ombe wanono walitoka kwa baba zake wadogo, na huyu mwembamba ndiye pekee aliyemnunua yeye mwenyewe, kwa jasho la randa na msumeno wake.

Miezi michache baadaye mume wangu alipofariki, mkwe wangu alikuja mazishini, akafanya yote yanayompasa mkwe, akaondoka bila kuonja chakula changu. Atieno hakurudi kwangu tena hata kwa siku moja. Akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akafikisha miezi mitano sijamwona. Tangu mazishi yale nililala kidogo sana, saa moja, saa mbili, kisha macho kodo mpaka alfajiri, na hilo nilimwandikia Atieno kwenye barua zangu. Na utani nikauacha kabisa. Nilijiambia kwamba mwanamke wa miaka hamsini na nne, mjane, aliyemfukuza binti yake kwa mzaha mmoja, hana tena ruhusa ya kuchekesha watu.

Halafu ikaja barua ya Atieno. Alisema nije nimwone mtoto. Alisema nitalala kwa jirani yao Mama Rispa, mjane kama mimi, mlango wa tatu, na nikikuta hayupo niingie tu nijipumzishe. Mwisho akaandika kwamba mume wake hajakubali nije wala hajakataa. Hiyo "hajakataa" niliisoma mara nyingi. Nikapiga moyo konde: nitakwenda, nitamwomba msamaha mkwe wangu, na asiponisamehe nitajua moja.

Kutoka Kehancha mpaka Migori

Niliondoka Alhamisi asubuhi kwa lori la mahindi la Marwa, na kikapu chenye kuku wawili, unga wa wimbi na chupa ya samli. Marwa mnamjua. Aliniweka mbele karibu naye kwa sababu alitaka kuchekeshwa njiani, akaanza kunichokoza kama kawaida, kwamba Wajaluo tunaogopa ng'ombe na ndiyo maana tunakimbilia samaki. Zamani ningemjibu mpaka aache usukani. Safari hii nilisema tu, ndiyo, labda. Akanitazama, akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia atazame barabara.

Ile barabara si ndefu, ila Marwa ana ndugu kila kilomita. Alisimama kumsalimu shangazi. Alisimama kusalimu watu aliotahiriwa nao, na kwao Wakuria hiyo si salamu ya kupitia dirishani, ni ya kushuka na kuketi. Alisimama tena kumwachia mtu panga. Mara ya nne nilidhani anamsalimu ng'ombe, kumbe mwenye ng'ombe alikuwa nyuma ya kichaka. Tulifika Migori saa kumi, na basi lilikuwa limeshaondoka.

Nilikwenda kwa Dorina, dada yetu wa kanisani, akanipokea vizuri, akanipikia mboga za majani kwa maziwa. Kitanda alinipa kizuri. Mume wake anakoroma kama mtu anayeburuta bati, na Dorina karibu yake analala kama mtoto mchanga. Mimi sikufumba jicho. Asubuhi Dorina akaniambia ameufurahia sana ugeni wangu kwa sababu mimi ni mtu mtulivu. Hilo lilinichoma, maana hakuna mtu aliyewahi kuniita mtulivu.

Migori mpaka Oyugis, kwa njia isiyokuwa yetu

Ijumaa nilipanda basi la mapema. Karibu yangu akakaa mzee mmoja Mkisii, Nyakundi, fundi wa cherehani anayezunguka masokoni. Alikuwa amepakata kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa gunia, amekikumbatia kama mjukuu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza ninakotoka, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa amelala. Nilikasirika, maana mtu akiuliza swali angoje jibu.

Tulipofika Rongo tukaambiwa njia ya Homa Bay imekatika kwa matope, hata matrekta hayapiti. Kondakta akasema anayetaka Homa Bay aende mpaka Kisii, abadilishe gari, azunguke kwa Oyugis. Watu waliteta, mimi nikiwaongoza. Nyakundi aliamka, akaambiwa habari, akasema, "Vizuri, basi kuna nafasi," akalala tena.

Gari la pili ndilo lililozama kwenye matope mbele kidogo ya Kisii. Wanaume wote walishuka kusukuma. Na huyu Nyakundi, ambaye alikuwa amebadilisha gari pamoja nami na kukaa tena karibu yangu, alishuka, akasukuma kwa nguvu kuliko vijana, matope yakampaka mpaka kwenye nyusi, kisha akapanda, akanawa uso kwa maji ya chupa, na akalala gari likiwa bado linateleza upande. Kichwa chake kikaegemea kikapu changu. Kuku mmoja alikuwa ametishwa na misukosuko, akataga yai. Nyakundi aliamka na yai kwenye sikio.

Gari zima lilipasuka kwa kicheko. Mimi niliona mdomo wangu ukijikaza, ukakataa. Nyakundi alilishika lile yai, akaligeuza, akanikabidhi kwa heshima, akasema hajawahi kuzaa katika usingizi mfupi namna hiyo. Nikamwambia kwa ukali kwamba mtu wa umri wake angeona haya kulala mbele za watu mchana kweupe. Hakukasirika. Alisema ana miaka hamsini na tisa, ameachiwa wajukuu wanne alee, macho yake hayaoni tena tundu la sindano mpaka alipe mtu amtungie uzi, na kama si kulala anapopata na kucheka anapopata angekuwa ameshazikwa. Kisha akaniambia jambo ambalo nilimchukia nalo siku mbili nzima:

"Wewe mama unajitesa kama mtu anayelipa faini. Nani aliyekutoza?"

Nilinunua ndizi mbivu dirishani, nikampa mbili ili anyamaze. Alizimaliza, akashukuru, na mnajua alichofanya baadaye.

Sabato ya Oyugis

Tuliingia Oyugis jua likielekea kuzama. Magari ya Homa Bay yalikuwepo mawili yakiita watu, na Nyakundi akashangaa kuona sipandi. Mimi ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, safari yangu imekwisha mpaka jua lizame tena, hata kama ninayemfuata yuko ng'ambo ya kilima. Nilisimama na kikapu changu nikiyatazama yale magari yanaondoka, na nitasema ukweli, nililia. Moyoni nilimwona Atieno amesimama mlangoni ananingojea, na mkwe wangu anamwambia, unaona, mama yako hakuja.

Nilikwenda kanisani kuulizia pa kulala, na hapo ndipo watu waliponifananisha na mtu mwingine. Kina mama wa kanisa walikuwa wanamngojea mwalimu mwanamke wa kutoka Migori, aje awafundishe kesho yake mchana. Wakaona mwanamke mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani, ametoka upande wa Migori. Wakanipokea kwa nyimbo. Nilijaribu kueleza, wakaniambia wageni wema ndivyo walivyo, hujishusha. Wakanipa maji ya kuoga, wakanipa nyoyo, yale mahindi na maharage yaliyopikwa mapema ili moto usihangaikiwe siku ya Sabato, na maziwa mala kibuyu kizima. Kwa kula nilikula, maana tumbo halikujua kwamba mimi si mwalimu.

Yule mwalimu wa kweli hakufika. Matope yalimzuia kama yalivyotuzuia sisi. Basi Sabato mchana nikasimamishwa mbele ya wanawake wapata arobaini, nikauliza somo ni nini, mama mmoja akasema, "Pumziko, mwalimu." Wee. Mimi, ambaye macho yangu yalikuwa mekundu kama pilipili, nilisema kuhusu pumziko karibu saa nzima. Nikawaambia Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba wala hakuona haya. Nikawaambia mwili wa mama uliobeba watoto na kuni na maji kwa miaka mingi una haki ya kulazwa chini. Nilisema vizuri, sikuficha. Wanawake wawili wa mbele walisinzia, na nilipowaona niliwaonea wivu, sikuwakasirikia.

Tulipotoka, mama mmoja mzee wa kanisa alinishika mkono, akauliza mimi mwenyewe nimelala lini. Nikahesabu kwa vidole, vikaisha. Akacheka taratibu, akasema nimefundisha kama mtu anayesifia chakula cha nyumba ya jirani. Nikamweleza yote, kuanzia ng'ombe mpaka barua, na kwamba mimi si mwalimu bali ni muuza omena. Alisema la omena alikuwa ameshalijua kwa harufu ya kikapu. Usiku huo pia sikulala, kwa sababu kesho yake ndiyo ilikuwa siku.

Homa Bay, mlango wa tatu

Jumapili asubuhi nilipata lori la samaki lililokuwa linarudi tupu. Dereva alinishusha chini kabisa, ziwani, akasema vyumba vya mafundi ni hapo juu, laini ndefu ya mabati, milango sita ya buluu, siwezi kupotea. Nikapanda kile kilima na kikapu changu. Ilikuwa kama saa tano. Laini nzima ilikuwa kimya, hakuna hata mtoto. Nilikuwa nimesahau kwamba mkwe wangu ni Mkatoliki na majirani zake wengi vilevile, na kwamba hiyo ndiyo saa yao ya misa.

Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Mlango umefungwa kwa kamba tu, kama Atieno alivyoandika kuhusu chumba cha Mama Rispa. Nikabisha, kimya. Nikafungua. Ndani ni safi, kuna pazia linalogawa chumba, na nyuma yake kitanda kipya kizuri cha mvule, kimepigwa randa mpaka kinang'aa. Ukutani kulikuwa na rozari. Nikawaza, kumbe huyu Rispa naye ni Mkatoliki, Atieno hakuniambia. Kwenye kamba kulikuwa na nepi. Nikawaza Atieno amezianika huku kwa ajili ya mvua. Mtu asiyelala siku nne hawazi, anasukuma tu mawazo yapite. Nikakaa ukingoni mwa kile kitanda nivue viatu.

Kiatu cha pili sikukivua. Hapo ndipo usingizi uliponikuta.

Sasa ngojeni niwaeleze kosa, maana Mama Robi hulisimulia vibaya. Atieno alipoandika mlango wa tatu, alihesabu kuanzia barabarani, wanakofikia wageni wote. Mimi lori lilinishusha ziwani, nikahesabu kutoka upande mwingine. Mlango wa tatu kwa kuhesabu hivyo ulikuwa wa mkwe wangu. Nyinyi Wakuria mna mwiko huohuo, hamhitaji kuelezwa. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Macho yao hayakutani ovyo, hawapeani mkono, na kitanda cha mkwe hata kukiona ni aibu. Na mimi, niliyekuja kuomba msamaha, nilikuwa nimejinyoosha juu ya kitanda chake na kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi.

Nilipofungua macho, mwanga ulikuwa wa asubuhi. Nilidhani nimelala nusu saa. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, na kichwa kilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa. Niliona mwanamke mnene ameketi kwenye kigoda ananitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. Akasema yeye ndiye Mama Rispa. Akasema leo ni Jumatatu. Kisha akaniambia, polepole, chumba nilichokuwemo ni cha nani.

Nilirukia kikapu changu nikitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, na nyumba zile hazina mlango wa nyuma. Mama Rispa akanikalisha, akanieleza yaliyotokea nikiwa nimelala, na haya ndiyo ninayotaka mnisikilize vizuri.

Walirudi kutoka misa. Atieno akaingia, akaniona, akatoka mikono kichwani. Laini nzima ikajua kabla hajafika barabarani. Mkwe wangu alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, asiweze kuingia, asiweze hata kuchungulia. Akina mama walitaka kuniamsha mara moja. Mzee mmoja jirani akasema niamshwe kwa maji. Kile kitanda kilikuwa kimemchukua mkwe wangu miezi sita kukitengeneza, jioni baada ya kazi, bila msumari hata mmoja, na alijua kwamba mimi nikishakilalia, yeye hatakilalia tena maisha yake yote. Aliuliza jambo moja tu. Alimuuliza Atieno kama ni kweli aliyoyasoma kwenye barua zangu, kwamba sijalala usingizi wa maana tangu baba yake afariki. Atieno akasema ni kweli, huku analia.

Basi mkwe wangu akasema, "Mwacheni mama alale."

Akaenda kwa jirani askari, akamwomba azime redio. Akawapa watoto wa laini ndizi ili wakacheze mbali. Atieno na mtoto walilala kwa Mama Rispa, kwenye kitanda nilichoandaliwa mimi, na yeye akalala karakanani kwake juu ya maranda ya mbao. Watu walipika kwa kunong'ona. Mchana kutwa na usiku kucha, laini nzima ya mafundi ilitembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya mama mkwe aliyelala mahali pasipo pake.

Nililia nilipoelezwa. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya toba nimeyapanga tangu Kehancha, na sasa sikuona hata moja linalotosha. Mama Rispa akafungua mlango kidogo. Nje nikaona mgongo wa mwanamume ameketi juu ya sanduku la vifaa, ametazama barabarani ili asinione. Maranda yalikuwa bado yamemkaa nyweleni. Nikajua kwa nguo zake za kazi kwamba amechelewa kwenda kibaruani akinisubiri. Majirani walisimama kando. Ndipo yeye, bila kugeuka, kwa sauti ya heshima kabisa, akaniuliza:

"Mama, umekuja kututembelea au umekuja kuhamia?"

Kwanza sikuamini masikio yangu. Halafu kitu kikaanza chini ya tumbo, kikapanda, na nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilicheka na machozi yanatiririka, kiatu kimoja mguuni, mpaka Mama Rispa akaanza, kisha askari, kisha laini nzima, na ule mgongo pale nje ukaanza kutikisika. Miaka miwili nilikuwa nimekinyima kicheko hicho njia. Aliyekifungulia alikuwa ndiye mtu niliyemuumiza nacho, na alinilipa kwa sarafu yangu ileile, ila yeye aliitoa kwa upole na mimi niliitoa kwa kiburi.

Nilipopata pumzi nikamwambia, nikiuambia ule mgongo, "Yule ng'ombe ulimnunua kwa jasho lako, na mimi nikakufanya kichekesho mbele ya wajomba zako. Nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

Akasema yule ng'ombe kweli alikuwa mgonjwa, na muuzaji alimdanganya, na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba mimi niligundua papo hapo na yeye hakugundua. Kisha akamwita Atieno, akamwambia anipe mtoto.

Yule mtoto ni mnono. Mapaja yake yana mikunjo mitatu kila upande. Nilimshika mpaka akanilowesha, na hata hapo sikumrudisha.

Kurudi, na yaliyofuata

Nilikaa siku tano, nikilala kwa Mama Rispa, mlango wa tatu wa haki. Kila siku mchana baada ya samaki na ugali nilijilaza, na hakuna aliyenicheka ila mimi mwenyewe. Usiku nikaanza kulala pia, si kila usiku, lakini mara nyingi.

Ikabaki shauri la kitanda. Hakiwezi kubaki pale, na kukiuza alikataa. Siku ya kuondoka mkwe wangu alikifungua vipande vipande, akavifunga kwa kamba, akavipandisha mwenyewe juu ya basi. Atieno akanifikishia asemalo mume wake, maana bado hatuzungumzi ana kwa ana kama watu wa sokoni: kitanda ni cha Mama, aende nacho. Nilipouliza vigingi vya kukishikia viko wapi, nikaambiwa vigingi amebaki navyo. Nikasema bila vigingi hizo ni kuni tu. Atieno akatabasamu, akasema anajua.

Ndiyo maana mliniona nashuka hapa na mbao juu ya basi, mkasema mama mzima amekwenda kumwona mjukuu akarudi na biashara ya mbao. Zilikaa zimeegemea ukuta wangu majuma matatu. Jumapili ya nne walishuka wote, Atieno, mtoto, na mkwe wangu na mfuko wa vigingi. Chumbani kwangu hawezi kuingia, kwa hiyo alikiunga kitanda uani, nyinyi wenyewe mkamshangilia. Kisha akina Mama Robi mkakibeba kukiingiza, kikakataa kupita mlangoni. Ikabidi ang'oe fremu ya mlango wangu. Mlitoa maoni mengi siku hiyo na sitayarudia hapa.

Walikuwa wamekuja kwa siku moja tu. Walipanga waondoke na basi la saa tisa, maana ana kazi ya watu inamngoja. Wakiwa bado wanakula kuku uani, nikaingia ndani nitazame tu kama kitanda kimesimama sawa.

Nilipotoka, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ghala la mahindi. Mizigo yao ilikuwa imerudishwa ndani. Atieno alikuwa anachambua mboga za jioni, mtoto mgongoni, anaimba ule wimbo wake wa utotoni. Nikauliza basi limekwama wapi. Mkwe wangu, aliyekuwa amenipa mgongo akirudishia fremu ya mlango, akapiga msumari mmoja, akasema:

"Basi lilipita, Mama. Hatukuweza kuondoka bila kukuaga, na wewe ulikuwa umelala."

Walikaa siku nne. Yeye alilala kwa Marwa.